Mwaka Tulipozika Mgomba

Kijana aliyeshika kipaza sauti alimwita marehemu shujaa kabla hata ya kulitaja jina lake. "Shujaa wetu, mzee wetu, mpiganaji wa vita vya dunia," akasema, na spika zikaunguruma chini ya turubai pale Busia, upande wa Kenya, hatua chache tu kutoka mpakani. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Waombolezaji walilipokea neno lile kama wanavyopokea maji ya kunawa, mikono mbele, bila kuyatazama. Mimi nililitazama. Egesa, mtoto wa Baba Mkubwa wangu Wandera, hakuwahi kuitwa shujaa tangu siku aliyorudi kutoka Burma kwa miguu yake. Aliitwa hivyo mwaka mmoja tu, mwaka ambao sisi wa Dabani, ng'ambo Uganda, tulisema amekufa, na aliyemwita hivyo mbele ya umati ni mimi, msichana wa miaka kumi na sita, kwa beti kumi na mbili nilizotunga mwenyewe. Sasa amekufa kweli, na neno limemrudia. Wazee wa Dabani walitumiwa ujumbe kwamba mwili uletwe nyumbani. Wakajibu kwamba Egesa wa Wandera ana kaburi kule tayari, na mtu hazikwi mara mbili katika boma moja. Ndiyo maana tulikuwa upande huu, kwenye kiwanja cha fundi baiskeli, tukimzika ugenini.

Daftari la mwaka ule bado ninalo. Jalada lake la buluu limekuwa la rangi ya majivu, na panya walikula kona moja. Niliandika kila siku kwa sababu nilikuwa sisemi. Darasani, mwalimu akiuliza, jibu lilikuwa linanijia zima, linapanda, linafika kooni na kukaa hapo mpaka mwenzangu aseme lile lile na kusifiwa. Jioni nilikwenda kulimwaga daftarini. Shule yenyewe ilikuwa ya misheni, Tororo, na sisi wasichana tuliofika masomo ya sekondari tungeweza kuketi kwenye mkeka mmoja. Mabweni hayakutosha, basi Baba Mkubwa alinipangishia kwa rafiki yake wa biashara, mwenye lori la kubeba pamba kupeleka reli. Mwenye lori alikuwa njiani siku zote. Nyumba ilikuwa ya mkewe, Bi Salama.

Naikumbuka baraza ya nyuma ya nyumba ile kuliko ninavyokumbuka darasa lolote. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto, magunia matupu ya pamba yamekunjwa kuwa viti, na juu ya ukuta wa jirani ule mwamba wa Tororo ulikuwa umesimama kama mtu anayechungulia. Baada ya swala ya alasiri Bi Salama alikuwa akiketi na sinia la mchele, anachagua mawe, na huku anasoma tenzi kwa kichwa. Hakuwa na kitabu. Mama yake alimpa beti hizo kwa mdomo, na yeye alizisoma kwa sauti ya puani, mistari mifupi ya mizani nane, mchele unapita chini ya vidole kwa mwendo ule ule. Ndani ya beti hizo ndimo nilimokutana na neno shujaa kabla halijachafuka. Majeshi mawili yanatazamana. Mtu mmoja anatoka katika safu yake, anasogea uwanjani, anasimama. Hapigi kwanza. Anataja jina lake, anataja la babake, anauliza nani atatoka kumkabili.

"Kwa nini ajitaje?" nilimuuliza siku moja. Kwa Bi Salama niliweza kuuliza, labda kwa sababu hakuniangalia, aliangalia mchele.

"Ee, mwanangu. Asiyejitaja jina si shujaa huyo, ni mgomvi tu. Shujaa anasema: ni mimi, mwana wa fulani, nimesimama hapa. Na lazima upande wa pili wamwitikie. Wasipomwitikia, wao ndio wameaibika." Alitupa jiwe uani. "Lakini usilitamani neno hilo, Perusi. Wahenga wamesema, kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kicheko. Mwoga yuko kwake saa hizi, anakula."

Akacheka, na mimi nikacheka, na tukala chapati na chai ya tangawizi. Usiku ule niliandika: *Nataka kutunga utenzi. Sitaki mtu ajue.*

Mjini neno lilikuwa na kazi nyingine. Sokoni Tororo, dume la ng'ombe lililovunja kamba liliitwa shujaa. Mtoto aliyekunywa kwinini bila kulia aliitwa shujaa, akapewa kipande cha sukari guru. Na huko kwetu Dabani alikuwako Chifu wa gombolola, yaani mtawala wa tarafa yetu, mtu mnene mwenye kofia ya jua na baiskeli nyeusi, aliyelitumia neno hilo kama mwingine anavyotumia fimbo. Serikali ilikuwa inataka askari. Kila baraza alisimama na kupiga kelele: "Hapa Dabani iko shujaa ama iko wanawake tu? Wenzenu wa Mwello nakwenda! Wa Busitema nakwenda! Nyinyi nabaki kupalilia mihogo!" Egesa alikwenda katika kundi la kwanza. Hakuwa na hamu ya vita. Chifu alikuwa ametaja majina ya nyumba ambazo hazijatoa mtu, la Wandera likawamo, na Egesa alikuwa mkubwa kuliko nduguye Ojiambo. Alikuwa ameoa miezi minane tu. Mkewe, Taaka, alimsindikiza hadi barabarani akiwa amembebea birika la uji, na alirudi nalo tupu. Hiyo ndiyo picha yangu ya kuondoka kwake.

Barua ilikuja wakati wa likizo ya kwanza ya mwaka ule. Nilikuwa jikoni na Taaka, tunachambua kunde, ndipo tuliposikia kengele ya baiskeli. Chifu aliingia bomani, akavua kofia, na wanaume wakaanza kukusanyika kabla hajasema neno. Chifu hakujua Kiingereza, karani wake alikuwa mgonjwa, na pale bomani mwenye kusoma lugha ile alikuwa mimi tu. Nikaitwa. Nilisimama katikati ya wazee, vumbi la kunde mikononi. Mistari ilikuwa minne, imepigwa taipu. Ilisema kwamba askari Egesa hajulikani alipo tangu mapigano fulani, na kwamba habari zaidi zikipatikana familia itaarifiwa. Nilielewa kila neno. Nikafungua mdomo, na jibu likapanda likakaa kooni, kama darasani.

"Nasema nini?" Chifu akauliza. Nilikuwa bado nahangaika. Akanishika bega, akanisogeza pembeni karibu na ghala, mahali ambapo Baba Mkubwa tu ndiye aliyeweza kutusikia. "Hebu."

"Inasema hajulikani alipo," nikanong'ona.

"Hajulikani alipo," akarudia, na akatazama chini. "Mtoto, vitani huko hajulikani alipo ni nini? Ni amekufa. Sasa sikiliza wewe pia, Wandera. Mwezi ujao natakiwa vijana wengine. Nyumba hii iko na Ojiambo. Lakini nyumba iliyotoa shujaa, mimi siwezi kuidai mtu wa pili, hata Bwana Disii atakubali. Nyumba ya mtu asiyejulikana alipo, hiyo naidai." Akaigusa barua mkononi mwangu. "Soma vizuri."

Nilimtazama Baba Mkubwa. Yeye alitazama mlango wa nyumba ya Ojiambo. Hakutikisa kichwa wala hakuitikia, na nimeutafsiri ukimya ule kwa njia nyingi maishani mwangu, kwa kadiri ya hali yangu kila ninapoukumbuka. Nilirudi katikati ya wazee. Safari hii sauti ilitoka bila kukwama hata kidogo. "Egesa amekufa vitani," nikasema. "Amekufa kishujaa." Nyuma yangu, jikoni, sufuria ilianguka.

Mtu akifia mbali na mwili usiletwe, kwetu hukatwa mgomba. Huchaguliwa ulio sawa na urefu wake, ukavikwa nguo zake, ukafungwa blanketi, ukazikwa kama mtu, ili kivuli chake kisizurure kikitafuta njia ya nyumbani. Ojiambo ndiye aliyeukata. Taaka ndiye aliyeuvalisha shati. Nilimwona anavifunga vifungo kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu, kama anavyofungiwa mtoto. Utomvu ulikuwa unaloanisha kitambaa. Kisha akanyolewa nywele, akaketi chini siku zote za matanga, na wanawake wakaimba sifa za nyumba ya Wandera hadi sauti zao zikapasuka. Watu walikula sana, nakumbuka hilo. Ugali wa mtama, nyama ya fahali aliyechinjwa kwa heshima, na mazungumzo ya chini chini ya wanaume kwamba Chifu mwenyewe amekaa kwenye mkeka wetu mchana mzima. Daftari langu la siku ile lina mstari mmoja: *Leo tumezika mgomba na mimi peke yangu, na Baba Mkubwa, tunajua.* Sikumtaja Chifu. Nilimwogopa hata katika karatasi.

Ningeweza kuishia hapo, nikajiita mtoto aliyelazimishwa. Lakini nilirudi Tororo na nikaanza kutunga. Hakuna aliyeniambia. Nilitunga usiku nikifuata mwendo wa Bi Salama, mizani kwa mizani, na nilifurahi. Lazima niliseme hili, nilifurahi jinsi sijawahi kufurahi. Jina lake lilikaa kwenye mstari kama lililotengenezwa kwa ajili hiyo:

*Egesa wake Wandera*
*alisimama imara*
*hakuiona hasara*
*kufa jina likabaki.*

Bi Salama nilipomsomea aliacha kuchagua mchele. "Mashallah," akasema. Kisha, baada ya kufikiri: "Umeona wapi alivyosimama?" Nikamwambia nimeona kwenye barua. Akaniangalia usoni, jambo ambalo halikuwa desturi yake, kisha akarudi kwenye sinia.

Beti hizo zilimfikia Chifu kwa njia ya Baba Mkubwa, na katika likizo ya Agosti niliitwa barazani nizisome. Mimi, niliyeshindwa kutaja jina langu kwa mkaguzi wa shule, nilisimama kwenye meza ya Chifu na kusoma beti kumi na mbili bila kutetemeka. Maneno yanayomhusu mtu mwingine ni mepesi kubeba. Nilikuwa na ubeti uliosema shujaa hageuzi uso hata akichomwa kwa chuma, na hapo akina mama walilia. Vijana walipoitwa, walitoka mbele mmoja mmoja, wakitaja majina yao na ya baba zao, kama katika tenzi. Karani aliyaandika. Ojiambo hakuitwa. Alisimama nyuma kabisa akiwa na jembe begani, na siku chache baadaye, mavuno yalipokwisha, wazee walimkabidhi Taaka awe mkewe, kama desturi inavyotaka kwa mjane wa kaka. Taaka hakuulizwa. Nilimkuta kisimani, nywele zake zimeota urefu wa kucha. "Shujaa wako hatachota maji haya, Perusi," akaniambia, "wala hatalala na Ojiambo. Mimi ndiye nitafanya yote mawili." Nilidhani ananilaumu kwa tenzi. Labda alikuwa amechoka tu.

Egesa alirudi Desemba, mchana, jua la saa saba. Alishuka treni Tororo akatembea hadi Dabani, koti la jeshi begani, mguu mmoja unaburuta. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kwa mzinga. Alikuwa ameokotwa bila fahamu na kikosi kisicho chake na kulazwa hospitali ya mbali huko India, jina lake likiwa limeandikwa vibaya. Hayo tuliyajua baadaye. Tulichojua saa ile ni kwamba mtoto mmoja alipiga yowe, na tulipotoka nje, mtu tuliyemzika alikuwa amesimama kwenye lango la boma. Wanaume walishika mikuki na kuziba njia. Alisimama, akanyoosha mgongo kama alivyofundishwa jeshini, akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyeyasikia vizuri maneno yake mwenyewe:

"Ni mimi! Egesa wa Wandera! Nimekuja!"

Hakuna aliyemwitikia. Kwetu, aliyezikwa akikuita, huitiki. Ukiitika umekubali kumfuata. Akarudia. Kuku walikuwa wanaparua, mtu mmoja alikohoa. Mara ya tatu hakutaja jina la babake, alisema tu, "Ni mimi," kwa sauti ya kawaida.

Mzee Makokha, mkubwa wa ukoo, alikuwa mtu wa haki. Hakumfukuza. Alituma aitwe Chifu, kisha akaketi chini langoni, Egesa akiwa nje na sisi ndani, na akawaambia watu jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Akasema, kama tulimzika mtu aliyeletwa kwetu na habari ya kifo, basi kaburi ni kaburi, na huyu hawezi kuvuka lango hili asituletee kifo cha pili. Lakini kama hatukuwa na habari ya kifo, basi hatukuzika. Tulipanda mgomba tu. Huo mgomba unang'olewa, kondoo anachinjwa, aliyesema uongo ndiye anayetakaswa, na mtoto anaingia kwao. Wakati huo Chifu alikuwa amefika, anahema, baiskeli mkononi.

"Huyu ametoroka jeshi," akasema mara moja.

Egesa alitoa karatasi mfukoni, akainyoosha juu ya lango. "Perusi. Wewe nasoma. Somea wao."

Niliisoma, na niliisoma kweli: aliachishwa jeshi kwa ugonjwa, kwa heshima. Chifu akasema karatasi ni kitu rahisi. Mzee Makokha akainua mkono anyamaze, akanigeukia mimi. "Mwanangu, hiyo ya leo nimeisikia. Ile ya kwanza, iliyokuja huku. Ilisema amekufa?"

Ile ya kwanza Chifu alikuwa ameichukua siku ile ile. Ushahidi uliobaki ulikuwa kinywa changu na cha Baba Mkubwa, naye aliutazama mlango wa Ojiambo kama siku ile. Nilimwona Ojiambo, uso wa kijivu. Nilimwona Taaka mlangoni kwake, mkono tumboni, mahali ambapo sisi wanawake tulijua tayari kuna mtoto. Miaka yote nimejiambia kwamba niliwafikiria hao wawili. Daftari linanikana. Usiku ule niliandika: *Ningesema kweli, utenzi wangu ungekuwa wa uongo, na wote walionisikia barazani wangejua.*

"Ilisema amekufa," nikajibu.

Egesa aligeuza sikio zima kuelekea kwangu. "Ilisema hivyo?"

"Ndiyo, kaka."

Akainamisha kichwa polepole, kama mtu aliyepewa amri ya kipumbavu lakini bado ni amri. Taaka aliingia jikoni akatoka na ugali na kunde, akaweka sahani ardhini nje ya lango, akarudi nyuma. Egesa alichuchumaa akala yote. Alipomaliza alimuuliza Mzee Makokha, "Mlinizika mgomba gani? Wa ndizi tamu ama wa kupika?"

"Wa kupika," mzee akasema.

"Afadhali." Akanawa kwa maji ya chupa yake ya jeshi, akachukua koti, akashika njia ya Mto Sio kwenda ng'ambo. Watoto walimfuata kwa mbali wakiimba ubeti wangu wa chuma. Walikuwa wameukariri vizuri sana.

Alifungua kibanda cha baiskeli Busia ya Kenya, akaoa huko, akazaa. Mimi nikawa mwalimu, na njia yangu ilipita kwake. Alinizibia tairi mara nyingi. Aliniita Mwalimu, nikamwita kaka, tukazungumza habari za mvua na minyororo. Mara moja tu, tukiwa tumezeeka wote wawili, aliuliza bila kuinua kichwa kutoka kwenye gurudumu: "Zile beti zako zilikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Nyingi," akasema, akaendelea kupiga pampu.

Hayo yote nilikuwa nayo mkobani, pamoja na daftari, kijana wa kipaza sauti aliponiita. "Sasa bibi yetu Mwalimu Perusi, mtunzi wa enzi hizo, atatusomea lile shairi la shujaa!" Wakapiga makofi. Nilisimama mbele ya jeneza. Taaka alikuwa ameketi kwenye mkeka wa mbele. Amekuja kutoka Dabani, mjane wa Ojiambo sasa, macho yake yana ukungu. Sikulifungua daftari. Nilisema, "Mzee Makokha aliniuliza kama barua ile ilisema amekufa. Nikasema ndiyo. Haikusema. Barua haikusema Egesa amekufa."

Kijana akanitazama, akatazama jeneza, kisha akanichukulia kipaza sauti taratibu, kama unavyomchukulia mtoto kisu.

"Bibi, hata kama barua haikusema," akatania, "leo sisi wenyewe tumeona!"

Wakacheka, kwanza vijana, halafu wajukuu wa Egesa wenyewe, halafu hata mchungaji, kicheko cha upole cha watu wanaompenda mzee aliyechanganyikiwa. Mtu akanishika kiwiko anirudishe. Taaka alikuwa ameugeuza uso wake kunielekea, na hakucheka. Nilipita mbele yake, na kicheko kikanifuata hadi kwenye kiti changu.